Kuhakiki Riwaya na Ushairi wa Kisasa: Namna Kitabu Kinavyosema Kile Kinachosema

Tahakiki nyingi za riwaya mpya za Kiswahili hufuata njia moja. Mwandishi wake hueleza kisa, hutaja dhamira tatu au nne, huwapitia wahusika na sifa zao, kisha hufunga kwa kusema kwamba kitabu kimesheheni mafunzo kwa jamii. Hakuna uongo katika maelezo hayo, lakini yangeweza kuandikwa na mtu aliyesimuliwa kitabu hicho na rafiki yake bila kukifungua. Jambo ambalo msomaji hawezi kulipata kwenye muhtasari, yaani namna kitabu kinavyofanya kazi sentensi baada ya sentensi mpaka kikamshika au kikamchosha anayekisoma, linabaki bila kuguswa. Nitajaribu kufafanua hapa kwa nini jambo hilo ndilo kiini cha kazi ya mhakiki, na kwa nini fasihi ya miongo mitano iliyopita inalidai kwa nguvu zaidi kuliko fasihi iliyoitangulia.

Mazoea hayo yana chanzo kinachoeleweka. Wengi wetu tulijifunza kuizungumzia fasihi tukiwa darasani, ambako kazi ya fasihi hugawanywa katika fani na maudhui, na kila upande ukapewa vijisehemu vyake: dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa upande mmoja, muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha upande wa pili. Mgawanyo huo una faida zake. Unamwonyesha anayeanza kwamba hadithi ina viungo, na unampa mwalimu majibu yanayoweza kusahihishwa. Tatizo huanza pale ambapo zana ya kufundishia inachukuliwa kuwa picha halisi ya kitabu, kana kwamba mwandishi aliketi na ujumbe wake ukiwa tayari mkononi, kisha akautafutia vazi la kuuvika. Sidhani kwamba kuna riwaya nzuri iliyowahi kuandikwa hivyo. Anayebadilisha mpangilio wa matukio, au anayemkabidhi mhusika mwingine kazi ya kusimulia, amebadilisha maana ya hadithi, hata kama matukio yote yamebaki yaleyale.

Ukitaka kuona mahali ambapo mgawanyo huo unashindwa kabisa, chukua riwaya mbili fupi za mwandishi Mtanzania Euphrase Kezilahabi, Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile iliyoifuata mwaka 1991. Kabla ya hapo Kezilahabi alikuwa ameandika riwaya nne zenye mtiririko ambao msomaji yeyote angeufuata bila taabu, kuanzia Rosa Mistika ya mwaka 1971 hadi Gamba la Nyoka ya mwaka 1979. Katika hizi mbili za baadaye wakati haukai kwenye mstari, mahali hapawezi kuonyeshwa kwenye ramani, na msimulizi anasafiri akitafuta kitu ambacho hata yeye mwenyewe hakijui sawasawa. Anayeuliza dhamira ya Nagona atajibiwa kwamba ni utafutaji wa ukweli. Jibu hilo ni sahihi, ila linazitosha riwaya nyingine mia moja. Kinachoitofautisha Nagona ni kwamba msomaji mwenyewe analazimishwa kupotea: hapewi ishara ya alipofika, wala hawezi kutegemea kwamba tukio moja ndilo lililozaa jingine. Kupotea huko ndiko hoja ya kitabu. Mhakiki anayekinyoosha ili apate kisa cha kusimulia amekiondoa kitabu kilichoandikwa na kuweka kingine mahali pake. Na kwa kuwa Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka (2001), ambamo mzimu wa babu unamjia mjukuu, na K. W. Wamitila katika Bina-Adamu! (2002) nao waliuacha uhalisia wa kawaida, kila mmoja kwa njia yake, haiwezekani tena kuuita uandishi wa aina hii kituko cha mtu mmoja.

Hata hivyo, si lazima riwaya iwe na mizimu ili impige chenga msomaji wa haraka. Riwaya tulivu kabisa, yenye nyumba, barua na ndugu wawili, inaweza kuwa ngumu zaidi, kwa sababu ugumu wake umejificha katika swali la nani anayesema. Ifikirie aya hii, ambayo nimeitunga kwa ajili ya mfano tu:

Rehema aliisoma barua mara mbili. Kaka yake alikuwa amebadilika sana. Mtu mwenye shukrani angeandika walau mstari mmoja wa kumjulia hali. Aliikunja, akaiweka ndani ya kasha pamoja na zile nyingine nne ambazo hakuwa amezijibu.

Sentensi ya kwanza haina utata: msimulizi anatuarifu kilichotendeka. Ya pili inaonekana kuwa taarifa ya aina ileile, lakini hatujaonyeshwa kaka huyo alivyokuwa zamani wala alivyo sasa, kwa hiyo taarifa hiyo inasimama bila ushahidi. Ya tatu si taarifa tena, ni lawama. Ni lawama ya nani? Hakuna alama za mnukuo, hakuna "alifikiri" wala "alijiambia". Nafsi ya tatu imeendelea kama kawaida, sarufi ni ya msimulizi, lakini uchungu ni wa Rehema. Sauti mbili zimekaa ndani ya sentensi moja. Kisha sentensi ya nne inarudi kwenye matendo na kutupa jambo ambalo Rehema mwenyewe hakulipima: kuna barua nne ambazo yeye hajazijibu. Suala la shukrani linageuka na kumwelekea yeye, na hakuna aliyesema neno. Mhakiki atakayeandika kwamba mwandishi analaani ndugu wasio na shukrani atakuwa amemtwika mwandishi maneno ya mhusika, na atakuwa ameipita sentensi iliyobeba aya nzima.

Kosa hilo ni la kawaida kuliko inavyodhaniwa, na si la wanafunzi peke yao. Mwaka 1961 mhakiki Mmarekani Wayne Booth alipendekeza tumtofautishe mtu aliyeandika kitabu, msimulizi anayesikika ndani yake, na yule mwandishi tunayemjenga akilini kutokana na mpangilio mzima wa kazi. Ndiye pia aliyelipa jina suala la msimulizi asiyeaminika, yaani yule ambaye kitabu chenyewe kinatupa sababu za kumtilia shaka. Anayeisoma aya ya Rehema kwa kutumia tofauti hizi ataona kwamba hukumu ya kitabu haipatikani katika sentensi yoyote peke yake. Inapatikana katika mgongano wa sentensi ya tatu na ya nne. Ndiyo maana kunukuu sentensi moja iliyokatwa na kusema "kama mwandishi anavyosema" ni hatari sana katika riwaya ya kisasa. Kuna madhara ya kweli pia. Rosa Mistika ilizuiwa kwa muda katika shule za Tanzania kwa sababu ya namna ilivyoonyesha mahusiano ya kimapenzi ya msichana, na sehemu kubwa ya hofu ya namna hiyo hutokana na kuchanganya kinachoonyeshwa na kinachopendekezwa. Kitabu kinachoonyesha malezi makali yakimwangamiza binti hakimfundishi binti kuangamia.

Kwenye ushairi utata una sura nyingine, na hapa historia inahitajika kidogo. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha kanuni za utungaji pamoja na diwani yake, yaani mkusanyiko wa mashairi yake, na kwa wasomaji wengi kanuni hizo zikawa kipimo cha shairi la Kiswahili: katika tarbia, kwa mfano, ubeti una mishororo minne, kila mshororo una mizani, yaani silabi, 16 iliyogawanywa katika vipande viwili vya mizani 8, na kila kipande huishia kwa kina chake, yaani silabi ya mwisho inayorudiwa. Miaka ya 1970 ikaja na mashairi yasiyozifuata kanuni hizo. Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, na Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi wakatoa Malenga wa Bara mwaka 1976. Ukazuka mgogoro mkali: upande mmoja ulisema maandishi hayo ni nathari iliyokatwakatwa, na upande wa pili ulisema vina na mizani ni minyororo ya zamani. Mgogoro wenyewe umepoa, lakini umetuachia urithi mbaya, nao ni imani kwamba mhakiki wa shairi lenye arudhi, yaani linalofuata kanuni hizo za vina na mizani, kazi yake ni kuhesabu, na mhakiki wa shairi huru kazi yake ni kufasiri tu, kwa kuwa humo hakuna cha kuhesabu.

Imani hiyo ina makosa pande zote mbili. Tuanze na shairi huru. Ubeti huu nao ni wangu, wa mfano:

Mlango umefungwa.
Ufunguo uko ndani.
Nje, mwenye nyumba
anabisha hodi
kwa sauti ya mgeni.

Kwa macho, mistari hii mitano haina urefu sawa wala mpango wa vina. Isome kwa sauti. Mstari wa pili una mizani 8. Wa tano pia una mizani 8, na yote miwili inaishia kwa silabi ileile, "ndani" na "mgeni". Sikio lililolelewa na tarbia litasikia vipande viwili vya mshororo wa kale vilivyotenganishwa, na katikati yake amewekwa mtu aliyefungiwa nje. Kina hicho kimoja kinaunganisha mambo mawili ambayo maana inayatenga: ndani anakopaswa kuwa mwenye nyumba, na ugeni ambao sasa umekuwa wake. Angalia pia mahali mstari wa tatu ulipokatwa. "Nje, mwenye nyumba" inasimama peke yake, na kwa muda mfupi hatujui anafanya nini. Anaweza kuwa amesimama tu, au anavunja dirisha. Ndipo anapobisha hodi, tendo la anayeomba ruhusa. Kama mistari hiyo miwili ingeunganishwa kuwa mmoja, mshangao huo mdogo ungepotea, na pamoja nao ungepotea unyonge wa mtu huyo.

Je, mwenye nyumba ni nani? Hapa ndipo wahakiki wengi hukimbilia jibu kubwa: ni raia katika nchi yake, ni bara zima lililoporwa. Inawezekana. Anaweza pia kuwa mzee ambaye kumbukumbu zinamtoka, au mtu aliyerejea kutoka uhamishoni. Ubeti wenyewe haulazimishi hata moja kati ya tafsiri hizo, na mhakiki mwaminifu ataliacha swali wazi kadiri shairi lilivyoliacha wazi. Lakini uwazi huo una mipaka. Mtu huyu hawezi kuwa mwizi, kwa sababu shairi limemwita mwenye nyumba na likampa hodi. Hawezi kuwa mwenye hasira, kwa sababu hakuna hata neno moja la nguvu alilopewa. Wanaosema kwamba shairi la kisasa linaweza kumaanisha chochote wanamdhulumu mshairi sawa na wale wanaolipa maana moja ya lazima. Tafsiri nzuri ni ile inayoweza kuonyesha neno linaloiruhusu, na ikakubali kuachwa pale neno jingine linapoikataa.

Upande wa arudhi nao unahitaji usomaji wa karibu vilevile. Mshororo huu umetimiza kila kanuni: "Twende sote kwa pamoja, tushikane kwa umoja." Mizani ni 8 kwa 8, kina ni kimoja, na bado hauna uhai. "Sote" imekwisha kusema kila kitu; "kwa pamoja" imewekwa kujaza mizani, na "kwa umoja" imewekwa kutafuta kina. Mhakiki anayeishia kwenye hesabu ataupa mshororo huu alama zote. Wakati huohuo, anayeamini kwamba arudhi imepitwa na wakati atashindwa kueleza nguvu ya Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa mwaka 1973, ambayo mashairi yake yalitungwa gerezani nchini Kenya kati ya mwaka 1969 na 1972, mshairi akiwa kifungoni kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa. Siasa yake ilikuwa ya siku ileile. Umbo lake lilikuwa la karne nyingi. Kwa maoni yangu, mbano wa umbo ulifanya kazi ndani ya mashairi hayo, kwa kuwa sauti iliyobanwa na ukuta inasikika ikijibana yenyewe kwa hesabu na ikabaki timamu. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama shairi lina vina au halina. Swali ni vina, au kutokuwapo kwake, vimefanya kazi gani mahali hapo.

Tukishaona namna kitabu kinavyofanya kazi, bado hatujahukumu, na tahakiki isiyohukumu imeishia njiani. Mwandishi Mjerumani Goethe, mwanzoni mwa karne ya 19, alipendekeza maswali matatu ambayo hayajachakaa: mwandishi alikusudia kufanya nini, je, kusudio hilo lilikuwa la maana, na amelitimiza kwa kiasi gani? Ubora wa maswali haya ni kwamba yanamzuia mhakiki kudai kitabu kingine. Riwaya ya mawazo isilaumiwe kwa kukosa vituko, na riwaya ya mapenzi isilaumiwe kwa kutozungumzia uchumi. Ugumu uko kwenye swali la kwanza, kwa sababu kusudio la kweli si lile ambalo mwandishi alilitaja kwenye mahojiano au kwenye utangulizi. Ni lile ambalo kitabu kinalionyesha kwa mwenendo wake: kinapopunguza kasi, kinachorudia, kinachokataa kueleza. Mwandishi akisema aliandika juu ya haki za wanawake, na kila sura ya kitabu chake ikasimuliwa kupitia macho ya wanaume huku wanawake wakiwa hawana sauti, mhakiki anapaswa kukiamini kitabu.

Kuna pia nguvu ya jina. Mwaka 1929 mhakiki Mwingereza I. A. Richards, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cambridge, alichapisha matokeo ya zoezi ambalo wanafunzi wake walipewa mashairi bila majina ya watunzi wala tarehe na kutakiwa kuandika maoni yao. Wengi waliyapuuza mashairi ya washairi wanaoheshimiwa na kuyasifu ya watu waliosahauliwa. Funzo lake halihusu wanafunzi hao tu. Sisi sote husoma tukiwa tumeshikwa mkono na jalada, tuzo na sifa za awali. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 ikiwa na jina la Mabati-Cornell, imeleta uhai mkubwa katika uandishi wetu, na ninaifurahia kwa dhati. Lakini tuzo ni uamuzi wa jopo dogo juu ya kazi zilizowasilishwa mwaka fulani, na mhakiki anayeitumia kama ushahidi wa ubora ameikwepa kazi yake. Nimeona inasaidia kuyasoma mashairi ya diwani kwa kuruka utangulizi, kwa sababu utangulizi mwingi huandikwa na mtu anayempenda mtunzi, na humfikisha msomaji kwenye shairi akiwa tayari ameambiwa alione nini.

Tafsiri inahitaji uangalifu wa aina yake. Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, riwaya zake zilikuwa zinasomwa kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata ikatoka Peponi, riwaya yake Paradise ikiwa imetafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis. Anayehakiki kitabu kama hicho ana kazi mbili mbele yake, ya mtunzi na ya mtafsiri, na kusema tu kwamba "lugha inatiririka" hakuitendei haki hata moja. Afadhali achague ukurasa mmoja wa mazungumzo na aonyeshe jinsi heshima, umri na daraja la wanaozungumza vilivyosikika kwa Kiswahili, kwa sababu mambo ambayo Kiingereza huyaacha kimya, lugha yetu hulazimika kuyaamua.

Linabaki jambo gumu kuliko yote, ambalo ni kukisema vibaya kitabu kibaya. Ulimwengu wa fasihi ya Kiswahili ni mdogo. Wahakiki, watunzi, wahariri na walimu wanajuana, na mara nyingi mhakiki wa leo ni mtunzi wa kesho. Kutokana na hali hiyo, tahakiki nyingi hujaa sifa, na dosari zikitajwa huwa ni makosa ya chapa, kwa sababu hayo hayamuumizi mtu. Adabu hiyo inawadhulumu wasomaji, wanaotoa fedha yao kwa kuamini sifa hizo, na inawadhulumu watunzi wazuri, ambao kazi yao inapewa maneno yaleyale yaliyopewa kazi hafifu. Lakini ukali usio na ushahidi nao haumsaidii mtu. Kusema kwamba lugha ya mshairi fulani ni dhaifu ni kumtukana tu. Kusema kwamba katika mashairi mengi ya diwani yake mstari wa mwisho unarudia kueleza kile ambacho picha ya katikati ilikwisha kukionyesha, kisha kunukuu mifano miwili na kumwonyesha msomaji shairi lingekuwaje kama lingeishia mstari mmoja kabla, ni jambo tofauti kabisa. Mshairi anaweza kuikataa hukumu hiyo. Ila ili aikatae atalazimika kurudi kwenye mistari ileile na kuonyesha kazi ambayo mstari wa mwisho unafanya na mhakiki hakuiona, na msomaji, akiwa na diwani mkononi, ataweza kuamua mwenyewe ni nani kati yao aliyesoma vizuri zaidi.